Bombelles na Mjane wa Napoleon: Ndoa ya Parma, 1834

Mabibi na mabwana, Marie Louise, binti wa Kaisari wa Austria, aliozwa kwa Napoleon mwaka 1810 akiwa na umri wa miaka 18, na wasimulizi wengi wakishafika hapo humwacha. Lakini bibi huyu aliolewa mara tatu, na jioni hii nitaizungumzia ndoa ya mwisho, iliyofungwa kwa siri tarehe 17 Februari 1834, baina yake na Charles-René de Bombelles, Mfaransa aliyekulia uhamishoni.

Baba yake Charles-René alikuwa balozi wa Ufaransa mjini Venice. Mapinduzi ya Ufaransa yalipomtaka ale kiapo cha kuitii katiba mpya alikataa, akapoteza kazi na mshahara, na jamaa yake ikabaki ugenini ikitegemea posho ya Maria Carolina, malkia wa Naples. (Mzee huyo, alipofiwa na mkewe, akawa padri na hatimaye askofu wa Amiens, lakini hayo yanastahili mhadhara wake.) Malkia aliyewakimu alikuwa dada yake Marie Antoinette, aliyekatwa kichwa mjini Paris mwaka 1793, tena ndiye aliyekuwa bibi mzaa mama wa Marie Louise. Kwa hiyo bwana harusi wetu alikula riziki ya ukoo wa mkewe tangu utotoni.

Marie Louise alikuwa amepewa Parma, dola ndogo ya Italia, na Mkutano wa Vienna, ule wa mataifa makubwa baada ya kushindwa kwa Napoleon, aitawale maisha yake yote. Mume wake wa pili, Jenerali Neipperg, alifariki mwaka 1829. Mwaka 1831 waasi walimlazimisha kukimbilia Piacenza. Na mwaka 1832 mwanawe wa pekee kwa Napoleon alifariki karibu na Vienna akiwa na miaka 21. Hivyo Metternich, waziri mkuu wa Austria, alipomtuma Bombelles mwaka 1833 awe msimamizi mkuu wa kasri, alimpeleka kwenye nyumba yenye misiba na hesabu zilizohitaji kunyooshwa.

Hawakukaa hata mwaka kabla ya kuoana, yeye mgane wa miaka 48, bibi mjane wa miaka 42. Ndoa yao ilikuwa ya morganatiki, yaani ya watu wasiolingana kwa hadhi: ilikuwa halali mbele ya kanisa, lakini mwenye hadhi ya chini hapandi kwa ndoa hiyo, wala yeye na watoto watakaozaliwa hawarithi utawala. Bibi alibaki mtawala. Mumewe, mbele ya watu, alibaki msimamizi wake wa kasri. Wako wanaomcheka bibi huyu kwa wepesi wa kuolewa, nami naona hawamtendei haki. Mkataba wa mwaka 1817 ulikuwa umekwisha kuamua kwamba akifa, Parma irudi kwa ukoo wa Bourbon. Mume mwenye haki kamili angezua shaka katika kila ikulu iliyotia saini, ilhali mume wa aina hii hakumtishia yeyote, na Vienna ilipata mtu wake ndani ya nyumba.

Marie Louise alifariki Parma tarehe 17 Desemba 1847. Maiti yake ilipelekwa Vienna kuzikwa pamoja na ukoo wake, na utawala ukaenda kwa Charles wa Bourbon, aliyekuwa akitawala Lucca, kama mkataba ulivyosema. Bombelles, baada ya takriban miaka 14 ya ndoa, hakuwa na dai lolote juu ya Parma.