Goti la Edwin Díaz

Ndugu wasikilizaji, naomba tuanzie mwisho wa mchezo, maana kijana ninayemzungumzia leo kazi yake huanzia hapo. Besiboli ina ngwe 9. Mrushaji aliyeanza huchoka, wengine humpokea, na ikifika ngwe ya mwisho timu inaongoza kwa tofauti ndogo, huitwa mtu mmoja kuulinda ushindi. Akiwatoa wapigaji watatu, ameokoa mchezo. Akishindwa, jasho la wenzake la jioni nzima limekwenda bure.

Edwin Díaz, mwenyeji wa Naguabo, pwani ya mashariki ya Puerto Rico, aliokoa michezo 57 mwaka 2018 akiwa na Seattle Mariners. Hakuna aliyemfikia msimu ule. Akahamia New York Mets, na 2019 mambo yakamgeukia: ndani ya ngwe 58 tu, wapinzani walimpiga mipira 15 ikavuka ukuta. Wakamzomea mashabiki wa nyumbani kwake mwenyewe! Nawasihi msiuruke mwaka huo. Wengi hukimbilia kusimulia 2022, alipowatoa wapigaji 118 kwa straiki, yaani kwa mirusho mitatu halali waliyoshindwa kuipiga vizuri, ndani ya ngwe 62, tarumbeta zikimsindikiza kila alipoingia uwanjani. Mimi naona 2022 haina uzito pasipo 2019.

Sasa, Edwin ana mdogo wake, Alexis, naye mrushaji wa ngwe za mwisho, wakati huo akiwa Cincinnati Reds. Machi 15, 2023, walikuwa pamoja Miami, wamevaa jezi ya Puerto Rico kwenye mashindano ya dunia. Dhidi ya Jamhuri ya Dominika, Edwin aliingia ngwe ya 9, akawatoa watatu mfululizo kwa straiki. Ushindi, 5-2. Wenzake wakamzunguka, wakawa wanarukaruka. Ghafla duara likatulia. Edwin yuko chini, ameshika goti la kulia, kano imekatika. Katika furaha, jamani, si katika kurusha! Akatolewa kwa kiti cha magurudumu, na Alexis akabaki uwanjani analia.

Nimeirudia picha ile mara nyingi. Wote pale walimhurumia Edwin, lakini Alexis alikuwa anamtazama kaka yake na kazi yake mwenyewe kwa pamoja.

Edwin hakurusha mpira hata mmoja msimu ule. Alexis alirudi Cincinnati, akaokoa michezo 37, akateuliwa kwenye mchezo wa nyota. Masika ya 2024, kaka mtu akapanda tena kilimani, pale anaposimama mrushaji.