Siyo Kila Maumivu ya Viungo ni Baridi

MASANJA: Mwangaluka, wasikilizaji. Leo nianze na baba yangu mkubwa, anauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Alilala mzima, saa 8 usiku akaamka analia. Kidole gumba cha mguu kimevimba, cha moto, ngozi inang'aa. Shuka likikigusa tu, anaruka.

NEEMA: Wakamwambia ni baridi ya ziwa.

MASANJA: Hivyo hivyo. Akameza dawa za maumivu za dukani, baada ya siku 10 akapona. Miezi minne haijapita, kidole kilekile.

NEEMA: Gauti hiyo kaka, kwenye kamusi utaikuta kama jongo. Inapenda kuja usiku, mara nyingi kiungo kimoja. Ndani ya saa 24 maumivu yanafika pale pa mwisho, halafu baada ya wiki moja au mbili yanaisha yenyewe. Ndiyo maana mtu anadhani amepona.

MASANJA: Inatoka wapi?

NEEMA: Kwenye asidi ya yuriki. Mwili unaitengeneza unapovunja purini, kemikali iliyomo kwenye seli za mwili na kwenye vyakula, na figo ndizo zinazoitoa kwa sehemu kubwa. Zikizidiwa, inajaa kwenye damu na kuganda ndani ya kiungo, vichembe vyenye ncha kama sindano. Kinga ya mwili ikivivamia, ndio huo moto. Kwa hiyo tusimlaumu mgonjwa kwamba amependa nyama mno. Figo na urithi vinachangia sana.

MASANJA: Na dagaa je?

NEEMA: Dagaa mkavu analiwa mzima, ana purini nyingi. Maini, figo na bia vilevile. Mwenye gauti apunguze.

MASANJA: Mama yako naye ana gauti?

NEEMA: Hapana, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Kwa mama ilianza polepole, mikono yote miwili, vidole na vifundo vya mikono. Alfajiri hawezi kushika mwiko. Anakaa jikoni zaidi ya saa nzima akifinyafinya vidole mpaka vilegee, ndipo asonge ugali. Sisi watoto tukasema mama amechoka. Inaniuma mpaka leo. Ile ni baridi yabisi ya rumatoidi: kinga ya mwili inashambulia utando wa viungo vyake yenyewe. Dagaa hawahusiki, upepo wa ziwa hauhusiki. Wanawake wanaipata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Nayo haiishi yenyewe kama shambulio la gauti. Ikiachwa inakula mifupa, kwa hiyo tiba ianze mapema. Mama anameza methotreksati mara moja kwa wiki. Kwa wiki jamani, siyo kila siku! Ukizidisha ni sumu.

MASANJA: Baba mkubwa yeye anameza alopurinoli kila siku, hata asipoumwa, asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Ila alipopimwa damu siku ile anaumwa, kipimo kilisoma kawaida.

NEEMA: Hutokea, asidi hushuka wakati wa shambulio. Apimwe tena baada ya wiki mbili. Cha uhakika zaidi ni kuvuta maji ya kiungo yakaangaliwe kwa hadubini. Na kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, nenda hospitali usiku huohuo, huenda ni usaha.

MASANJA: Jana nimempitia. Yuko kwenye mzani wake mwaloni, amevaa viatu vya kufunga kamba.