Tangazo Lifike Hadi Mlangoni

Mhadhara kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, Kisumu

Wahamasishaji wenzangu, wazee wa mitaa mliofika, na nyinyi kina mama mliokuja na watoto mgongoni, hamjambo. Nawashukuru kwa kunipa nafasi. Wengi wenu mnanijua kutoka chumba cha chanjo, si kutoka jukwaani, kwa hiyo nitaongea kama tulivyokuwa tukiongea kule, mtoto akiwa amepakatwa na kadi ikiwa mezani.

Nimeombwa nizungumze juu ya taarifa za afya: wagonjwa wangapi, chanjo iko wapi, kliniki ni lini. Nina jambo moja tu linalonikera kuhusu taarifa hizi, nami nimelibeba tangu mwaka 2020. Tunazitoa kana kwamba kazi inaisha mtu akishasikia. Kusikia ni mwanzo tu. Tangazo ambalo halimfikishi mtu mbele ya mlango, siku ambayo mlango huo uko wazi, bado halijafanya kazi yake.

Mnakumbuka Machi 13, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tangu siku ile ikawa desturi, kila alasiri, tunakaa kando ya redio. Sampuli kadhaa zimepimwa ndani ya saa 24, watu kadhaa wamepatikana na virusi, kadhaa wamefariki. Palikuwa na wazee waliokuwa wakiandika hesabu hizo ukutani kwa chaki. Tulisikia namba kila siku kwa miezi mingi, na sikumbuki mtu akituketisha chini atueleze namba ile ina maana gani.

Basi tuielewe leo, kwa sababu mtaulizwa tena. Mvuvi wa Dunga akirudi na samaki kumi, hakuna atakayesema ziwa lina samaki kumi. Utamuuliza, ulitupa nyavu mara ngapi, na ulizitupa wapi? Idadi ya waliopatikana na virusi ni hao samaki ndani ya mashua. Tuseme leo sampuli 4,000 zimepimwa na watu 200 wamepatikana. Hiyo ni asilimia 5. Kesho sampuli 1,000 tu zimepimwa, na 200 vilevile wamepatikana. Redio itasema idadi haijabadilika, na watu watashusha pumzi. Lakini hiyo ni asilimia 20. Nyavu zimetupwa mara chache na samaki ni walewale, maana yake ziwa limejaa. Mwaka ule wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi isianze kulegeza masharti mpaka kiwango hicho kikae chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili. Ndiyo maana nawaomba, mkisikia idadi ya wagonjwa wa ugonjwa wowote, ulizeni palepale: kati ya waliopimwa wangapi? Na walipimwa wapi?

Hilo la wapi lilitugharimu sana hapa kwetu. Mei 2021 virusi vya aina ya Delta, ambavyo vilitambuliwa kwanza India, vilipatikana hapa Kisumu. Juni 1 tukawa wenyeji wa sherehe za Madaraka. Katikati ya mwezi huo serikali ikaweka masharti makali kwa kaunti za Nyanza na Magharibi na majirani kama Kericho na Bomet: kafyu ikaanza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na maziko yakapewa saa 72. Nyinyi ni watu wa hapa, mnajua maziko ni nini kwetu. Kumzika baba wa watu ndani ya siku tatu, wanawe hawajafika, waombolezaji wamehesabiwa, hilo halikuwa jambo dogo, na kuna familia ambazo bado hazijatulia.

Wakati huo taarifa ya taifa ilikuwa inasema Kenya. Mama anayeuza omena soko la Kibuye alitaka kujua Kibuye. Alitaka kujua kama afungue kibanda, kama mtoto aende kwa nyanya yake Ahero, kama kikohozi cha mumewe ni cha kusubiri au cha kukimbiza hospitali. Sampuli nyingi za upande huu zilikuwa zikipimwa na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, hapa Kisian na kule Alupe, Busia. Elimu ilikuwa hapa hapa jirani. Kilichokosekana ni mtu wa kuitoa kwenye karatasi na kuitembeza hadi kibandani. Mtu huyo ni wewe uliyekaa hapo. Tangu Septemba 2023, mlipopewa mikoba na kuandikwa rasmi, zaidi ya wahamasishaji 100,000 nchi nzima, kila mmoja amekabidhiwa kama nyumba mia moja. Mwaka 2021 mlikuwa mkifanya kazi hiyo kwa kujitolea, na wengi wenu mlitumia nauli yenu wenyewe. Sijasahau.

Sasa chanjo. Shehena ya kwanza, dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya korona ya AstraZeneca, ilishuka Nairobi Machi 3, 2021. Mwisho wa mwezi huo ikatangazwa kwamba wenye umri wa miaka 58 na zaidi nao wajitokeze. Jirani yangu mmoja, dani, yaani nyanya, wa miaka sabini na kitu, alilisikia tangazo hilo kwenye redio akaja kwangu jioni ileile. Tangazo lilisema watu wajiandikishe kwenye mtandao. Yeye ana kabambe, simu ya vidude vya kubonyeza. Mjukuu wake ambaye humsaidia mambo ya simu alikuwa Nakuru, na Nakuru ilikuwa imefungwa tangu Machi 26 pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Nikamwandikisha mimi.

Alikwenda kituoni mara ya kwanza, akaambiwa amechelewa, dozi za siku zimekwisha. Mara ya pili alifika saa kumi na mbili asubuhi, akaambiwa watu hawajatimia, asubiri. Akasubiri hadi saa nane, kisha akarudi nyumbani kwa sababu hakuwa amekula. Mara ya tatu alidungwa. Boda mara tatu kwenda na kurudi, mama ambaye anaishi kwa mboga za shambani. Kwenye kadi yake wakamwandikia tarehe ya dozi ya pili, baada ya wiki nane.

Tarehe ikafika mwanzoni mwa Juni, naye akaenda amevaa nguo yake ya kanisani. Chanjo hakuna. India ilikuwa imesimamisha kuuza dozi nje ili ijihudumie yenyewe, na muda wa kusubiri ulikuwa umesogezwa hadi wiki 12. Baadaye mwezi huo redio ilisema dozi 358,700 zimefika kutoka Denmark. Haikusema zitakuwa mlango gani Kisumu, siku gani. Na kadi yake bado ilikuwa na tarehe ya zamani. Wiki mbili baada ya safari ile ya Juni aliugua. Alikaa kitandani siku kumi na tisa, na mimi nikawa nahesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi, asubuhi na jioni. Alipona, namshukuru Mungu. Dozi ya pili aliipata baadaye, na ni kwa sababu mhamasishaji mmoja alimfuata nyumbani akamwambia, “Dani, ni kesho, pale Russia, saa tatu, na nitakuja na wewe.” Russia ndiyo hospitali yetu ya Jaramogi, kwa wageni mlio nasi. Sikilizeni maneno yale: kesho, pale, saa tatu, na wewe. Hilo ndilo tangazo.

Kuna jambo ambalo ningependa mlifahamu vizuri, kwa sababu ndilo lililomrudisha dani nyumbani mara ya pili na ndilo linalowarudisha kina mama hadi leo. Ni kichupa. Kichupa kimoja cha AstraZeneca kilikuwa na dozi kumi, na kikishafunguliwa kina saa sita tu. Zikipita, kinachobaki kinamwagwa. Muuguzi akiona watu watatu kwenye benchi anasitasita. Vivyo hivyo kwa watoto. Chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu mkononi, huja kama unga, kichupa dozi 20. Ya surua na rubella huja kama unga pia, mara nyingi dozi kumi. Ukishachanganya na maji yake, saa sita. Ndiyo maana vituo vingi vina siku ya surua, Jumanne au Alhamisi. Lakini zile za maji, kama polio ya matone na ile ya wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, kichupa kilichofunguliwa kinaweza kuhifadhiwa kwenye friji kwa siku 28 kikitunzwa sawasawa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumrudisha mtoto.

Na hapa nina lawama ya kubeba mwenyewe. Jumatatu moja, miaka kadhaa iliyopita, mama alikuja kutoka Obunga kwa miguu, mtoto wa miezi tisa mgongoni. Alikuwa peke yake. Nikamwambia, “Mama, rudi Alhamisi, siwezi kufungua kichupa kwa mtoto mmoja.” Nilidhani nalinda chanjo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto aliyefika achanjwe, hata kama ni mmoja, na mimi niliujua. Alhamisi hakuja. Alikuwa amepata kibarua cha kufua. Nilimwona tena mtoto akiwa na miezi kumi na minne, macho mekundu, vipele vimeanzia nyuma ya masikio vikashuka kifuani. Surua. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na katika ploti ile walikuwamo watoto kumi na mmoja. Dozi tisa zilizomwagwa zingekuwa rahisi kuliko wiki ile.

Kwa hiyo mkienda kituoni kwenu, msione haya kuuliza: siku ya surua ni ipi? Mkiijua, nyinyi jazeni benchi. Pitieni nyumba zenu mia, leteni watoto kumi siku moja, na muuguzi hatakuwa na cha kusitasita. Na mwombeni awaonyeshe alama iliyo kwenye kichupa: duara lenye mraba mweupe katikati. Joto likikizidi kichupa, mraba unaanza kuwa mweusi. Ukifikia rangi ya duara, chanjo hiyo haitumiki. Mama akiambiwa kwamba chanjo zinaharibika zikiletwa na boda juani, mwonyesheni ule mraba kwa macho yake. Nimeona wasiwasi mwingi ukiisha pale, kuliko kwa hotuba.

La malaria nalisema kwa msisitizo kwa sababu ni letu. Chanjo ya kwanza ya malaria duniani ilizinduliwa nchini mwetu Septemba 13, 2019, Homa Bay, baada ya Malawi na Ghana, na kaunti nane za ziwa na Magharibi ndizo zilizoanza nayo: Homa Bay, Kisumu, Siaya, Migori, Busia, Kakamega, Vihiga na Bungoma. Watoto wetu ni kati ya wale ambao dunia ilijifunza kwao, na Oktoba 6, 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Dozi ni nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Tatu za kwanza kina mama wanakuja. Ya nne wanapotea. Na si uzembe. Mtoto wa miaka miwili anakimbia, anaongea, pengine tayari ana mdogo wake. Kitabu cha kliniki kiko chini ya godoro au kilibaki kwa mama mkwe. Moyoni mama amemaliza na kliniki. Hakuna redio itakayomkumbusha, maana redio haijui mtoto wake alizaliwa lini. Wewe unajua, yumo kwenye daftari lako. Na kichupa cha chanjo hii kina dozi mbili tu, basi watoto wawili wanatosha. Huna haja ya kukusanya mtaa mzima.

Kuhusu mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, nitapita haraka. Mgonjwa wa kwanza hapa nchini alitangazwa Julai 31, 2024, dereva wa lori, kwenye mpaka wa Taita Taveta. Ugonjwa ukafuata barabara, na Nakuru nayo ikapata wagonjwa. Wenzetu wa kule walio karibu na vituo vya malori kama Salgaa wana kazi tofauti na yetu: watu wao wanalala hapo usiku mmoja na asubuhi wameshavuka mpaka wa Malaba. Tangazo la saa nne asubuhi kwenye baraza la chifu haliwafikii. Linawafikia saa mbili usiku, kwenye kibanda cha chai, kutoka kwa mama anayewauzia.

Muda umekwenda, na naona watoto wameanza kulia. Nimeomba mje na madaftari. Fungueni ukurasa wa watoto. Tafuteni kila mtoto anayetimiza miaka miwili mwezi huu au mwezi ujao, mwandike jina la mama na nyumba, na pembeni mwandike dozi ya nne imepatikana au bado. Mama wa Manyatta pale nyuma, anza wewe, tusomee wa kwanza. Kliniki ni Alhamisi, saa tatu, na nitakuwa pale mlangoni.