Manowari Leopard, kutoka Sheerness hadi Anticosti

Wazee wangu, ndugu na marafiki, karibuni. Leo namwacha Nelson, amirali mashuhuri wa Kiingereza, na manowari yake Victory. Wamekwisha sifiwa vya kutosha. Nitazungumzia Leopard, manowari ya Kiingereza ya mizinga 50.

Ilianza kuundwa Portsmouth mwaka 1776, ikamaliziwa Sheerness na kushushwa majini 1790. Wakati huo manowari za kiasi hicho zilishapitwa: dhaifu mno kusimama kwenye safu ya vita na zile za mizinga 74, nzito mno kufukuzana na frigeti, yaani manowari nyepesi za mbio. Basi zilipelekwa mbali.

Ndivyo ilivyofika kwetu. Napoleon alipovamia Misri mwaka 1798, kamanda wa Kiingereza John Blankett alitumwa akiwa na Leopard kwenda kulinda mlango wa Bahari ya Shamu. Wakapanda pwani hii kaskazi ikiwa imeshika! Nahodha yeyote wa Lamu angewaambia wangoje kusi. Walihangaika kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na Februari 1799 walikuwa wametia nanga Unguja, wakitafuta maji na vyakula.

Lakini kilichoipa jina ni asubuhi hadi alasiri moja tu, tarehe 22 Juni 1807, nje ya pwani ya Virginia. Leopard iliisimamisha frigeti ya Marekani, Chesapeake, ikidai mabaharia waliotoroka jeshi la Uingereza. Kamanda wa Marekani, James Barron, akakataa. Sitaha yake ilikuwa imejaa mizigo, mizinga haijaandaliwa. Leopard ikafyatua. Watu watatu wakafa palepale na Barron akajeruhiwa. Wamarekani waliweza kufyatua mzinga mmoja tu, tena kwa kaa la moto ambalo ofisa mmoja, William Henry Allen, alilichukua jikoni. Kwa maoni yangu, kaa lile ndilo lililookoa heshima kidogo iliyobaki siku hiyo.

Walichukuliwa wanne. Jenkin Ratford, Mwingereza, alinyongwa Halifax, Kanada. Watatu walikuwa Wamarekani. Mmoja alifia kizuizini, na wawili wakarudishwa kwenye Chesapeake ileile mwaka 1812, vita kati ya nchi hizo ikiwa imeshatangazwa.

Leopard nayo iliishia kubeba askari. Juni 1814 ilikuwa ikiwapeleka Kanada, kwenye vita hiyohiyo, ilipopanda mwamba kisiwani Anticosti. Wote waliokuwamo walinusurika; manowari ikabaki hapo.