Jirani Hakuajiriwa Kulinda Hoteli

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie migogoro inayozuka mitaani pale nyumba za makazi zinapopangishwa wageni wa siku mbili tatu. Kwenye ratiba naona imeandikwa "faida na hasara". Waandaaji wanisamehe, sitazipanga safu mbili. Nina hoja moja tu, nayo inamhusu mtu ambaye katika mjadala huu hutajwa mwishoni kama anatajwa kabisa: anayeishi mlango wa pili.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2007, San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia walikuwa wamezidiwa na kodi ya nyumba. Mjini kulikuwa na mkutano wa wabunifu na hoteli zimejaa, basi wakatandika magodoro ya kujaza upepo humo humo walimoishi, wakalaza wageni kwa malipo na asubuhi wakawapa kifungua kinywa. Huo ndio mwanzo wa Airbnb, programu ya mtandaoni ya kutangazia na kupangishia nyumba. Nataka mtazame jambo moja katika mpango ule: mwenyeji alikuwamo ndani. Mgeni akifungulia muziki saa nane usiku, wa kwanza kukosa usingizi ni yule yule aliyepokea fedha. Jirani hahitaji kanuni yoyote ya kumlinda, kwa sababu kuna mtu ndani ya nyumba mwenye sababu zake mwenyewe za kutaka utulivu.

Biashara ilipokua, mwenyeji akatoka. Siku hizi linalotangazwa mara nyingi ni nyumba nzima. Mwenye nyumba anaishi mji mwingine, au ni kampuni yenye nyumba kumi na kitu, na mgeni anafungua kwa namba za siri za kisanduku cha funguo kilichotundikwa ukutani. Hakuna aliyempokea, hakuna atakayemuaga. Fedha zinamwendea mmoja na usumbufu unamwendea mwingine, na wawili hao huenda hawajawahi kuonana.

Magazeti hupenda habari za sherehe zilizoharibika. Ni kweli zipo, na baadhi ni za kutisha. Usiku wa Halloween mwaka 2019, watu watano waliuawa kwa risasi kwenye sherehe katika nyumba iliyokodiwa kwa njia hii huko Orinda, California. Mwaka uliofuata Airbnb ikapiga marufuku sherehe katika nyumba zote zinazotangazwa kwake, na mwaka 2022 ikaifanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu. Lakini tukijenga hoja juu ya matukio kama hayo tutakosea shabaha. Wageni walio wengi hulala, huamka na kuondoka bila kumvunjia mtu hata kikombe.

Kinachowachosha majirani ni vitu vidogo. Magurudumu ya mabegi kwenye ngazi saa kumi alfajiri. Kengele inayobonyezwa na mtu aliyekosea mlango. Taka zilizotolewa siku ambayo gari la taka halipiti, mlango mkuu ulioachwa wazi, gari lililoegeshwa mahali pa mwingine. Kila moja ni dogo mno kuitia polisi, na ukilisimulia mbele ya kikao unaonekana mtu wa visirani. Sasa, jirani wa kudumu naye hufanya hayo hayo. Tofauti ni kwamba jirani wa kudumu unamwambia mara moja, mara ya pili anaona haya, na ya tatu mnaelewana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu siku ya tatu hayupo, na aliyechukua nafasi yake ameingia alasiri ile ile, naye hajui siku ya taka ni ipi. Kazi ya kufundisha haiishi, na mwalimu halipwi.

Na niseme wazi, kwa sababu naona baadhi yenu mnatikisa kichwa: sina ugomvi na mstaafu anayepangisha chumba kimoja cha nyumba anayolala mwenyewe. Yule yuko ukumbini mwake, anasikia anachosikia jirani, na huenda kipato hicho ndicho kinachomwezesha kubaki mtaani. Sheria inayomweka kapu moja na mwenye nyumba ishirini zisizokaliwa inamwonea, na aghalabu yeye ndiye wa kwanza kukamatwa, kwa kuwa ndiye pekee anayepatikana nyumbani.

Kuhusu kodi kupanda nitapita haraka, maana ni mada ya siku nyingine. Watafiti Barron, Kung na Proserpio walichunguza Marekani na kukuta kwamba matangazo ya Airbnb yakiongezeka kwa asilimia 1, kodi hupanda kwa asilimia 0.018. Inaonekana ni kitu kidogo, mpaka ukumbuke kwamba matangazo yenyewe yaliongezeka mara nyingi zaidi ya asilimia 1. Barcelona nayo ilichunguzwa: kwa wastani kodi ilipanda asilimia 1.9 kwa sababu hiyo, lakini katika mitaa yenye wageni wengi zaidi ilifika asilimia 7. Wastani wa mji hauishi kwenye nyumba yoyote. Anayeishi kwenye ile asilimia 7 anaona mikataba ya wenzake haihuishwi, na ghorofa aliyokuwa akisalimiana na watu inabaki na visanduku vya funguo. Florence, Italia, imeamua kuviondoa visanduku hivyo kwenye kuta za mji wake wa kale. Wapo waliocheka. Mimi naelewa kwa nini walianzia hapo.

Sasa sheria. Dawa ambayo miji imeipenda zaidi ni kuweka ukomo wa siku. London ni usiku 90 kwa mwaka, tangu 2015. Amsterdam ilikuwa 60, ikashuka hadi 30 mwaka 2019. Paris ilikuwa siku 120 kwa makazi ya mtu mwenyewe, na tangu 2025 jiji limeruhusiwa kushusha hadi 90. Kwenye karatasi inapendeza. Mimi nauliza: nani anahesabu? Mwenye nyumba anaweza kutangaza kwenye programu tatu tofauti, na kila moja ikaona theluthi tu ya wageni wake. Halmashauri haina mtu wa kukaa mlangoni. Anayebaki na hesabu kamili ni jirani, maana yeye ndiye anayewaona wakiingia na kutoka. Kwa hiyo tumemfanya karani wa serikali, bila mshahara, dhidi ya mtu ambaye kesho watakutana kwenye ngazi.

New York ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine ninapopajua. Jimbo lilipitisha sheria mwaka 2010: katika majengo ya ghorofa yenye familia nyingi, huruhusiwi kupangisha kwa chini ya siku 30 kama mkazi wa kudumu hayumo. Marufuku ilikuwepo, tena kali. Matangazo yakaendelea kwa maelfu, mwaka hadi mwaka, na majirani wakaendelea kupiga simu. Kilichobadilika mwezi Septemba 2023 ni kitu kimoja cha kiutendaji. Jiji lilianza kusimamia kanuni inayomtaka mwenyeji kujisajili, na inayoikataza programu ya kupangishia kupitisha malipo ya nyumba isiyosajiliwa. Mwenyeji lazima awemo, na wageni wasizidi wawili. Matangazo ya muda mfupi yakaporomoka. Katazo la msingi lilikuwa lile lile la miaka 13 nyuma. Mzigo wa kulinda ndio uliohama, kutoka mlango wa pili kwenda kwa anayekata kamisheni.

Japani ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Sheria yao iliyoanza kutumika Juni 2018 inaweka ukomo wa siku 180, lakini mimi navutiwa na vifungu vidogo: nyumba iwe na kibao mlangoni, malalamiko ya majirani yashughulikiwe, na mwenye nyumba akiwa hayupo sharti aikabidhi kwa msimamizi aliyesajiliwa. Maana yake yupo mtu wa kujibu usiku, na kutojibu ni kosa lake.

Hispania imejaribu kura. Tangu Aprili 2025, anayetaka kuanza kupangisha watalii ndani ya jengo la pamoja anahitaji kwanza idhini ya sehemu tatu kati ya tano ya wenye nyumba wenzake. Wengi wameisifu. Nina wasiwasi nayo. Wanaopiga kura ni wamiliki, na mpangaji ambaye kitanda chake kimeegemea ukuta ule hana kura. Mwenye nyumba tatu ndani ya jengo, akiwa na nia ya biashara, ana uzito kuliko yeye. Tena kura ya namna hiyo huwaachia watu kinyongo cha miaka.

Na wanasheria waliomo humu wataniwahi kwa New Orleans. Jiji lilidai kwamba anayepata leseni katika maeneo ya makazi awe mkazi mwenye nyumba hapo, na Agosti 2022 mahakama ya rufaa ikalifuta sharti hilo kwa kuwa liliwabagua watu wa majimbo mengine. Funzo ni la uandishi wa sheria. Kudai mwenye nyumba awe mzaliwa au mkazi wa mahali fulani ni jambo moja, na kudai kuwe na mtu anayewajibika akiwapo wakati wageni wapo ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo ninalolitetea, na mtu huyo si lazima awe mmiliki.

Barcelona imechoka na yote haya. Juni 2024 meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni 10,101 za nyumba za watalii hazitahuishwa, na ifikapo Novemba 2028 zote ziwe zimekwisha. Inaweza kurudisha wapangaji. Inaweza pia kuwasukuma wapangishaji gizani, na kule gizani mkaguzi wa kwanza na wa mwisho atakuwa yule yule wa mlango wa pili. Nikiulizwa leo, ningependa mji uanze kwa kuzibana programu na kudai mwenye kuwajibika, kabla ya kufikia kufuta kila kitu.

Muda wangu umekwisha. Nitapokea maswali, na ningeomba tuanze na wale wanaopangisha, kwa sababu nadhani wana la kunijibu.