Kabla Mdudu Hajavuka Ngozi

MWANAHAMISI: Kaka Otieno, wewe umekulia Kisumu, kando ya ziwa. Ulipokuwa mtoto, ukitoka majini ngozi haikuwashi?

OTIENO: Inawasha, dada, tena sana. Vipele vidogo vidogo kwenye miguu. Nyanya yangu alikuwa akisema ni gugu maji. Tunajikuna usiku, asubuhi tunarudi majini.

MWANAHAMISI: Huenda kweli lilikuwa gugu maji, na huenda ilikuwa kichocho kinaingia. Lava wa kichocho wakishatoka ndani ya konokono huogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Wakiipata, dakika chache zinawatosha kuitoboa, na mkia wanauacha hukohuko nje. Mdudu aliyekwisha kuingia hakimbilii kwenye damu mara moja. Hukawia kwanza kwenye ngozi. Basi leo nataka na sisi tukawie hapohapo, tuone watafiti wa chanjo wanajifunza nini kwenye ngozi ya nyani na jamaa zake.

OTIENO: Mimi siku zote nimeichukulia ngozi kama ukuta.

MWANAHAMISI: Ni ukuta wenye walinzi ndani yake. Mwaka 1868, mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, Paul Langerhans, aliipaka ngozi ya binadamu chumvi ya dhahabu, akaiweka chini ya hadubini. Akaona seli zenye matawi marefu kama mizizi. Akadhani ni seli za neva. Ilichukua zaidi ya miaka 100 wanasayansi kutambua kwamba ni seli za kinga! Leo tunaziita seli za Langerhans. Zimekaa kwenye tabaka la juu la ngozi na matawi yao yameenea huku na huku. Kikiingia kitu kigeni, zinakimeza, zinakikatakata, halafu zinafunga safari hadi kwenye tezi za limfu kuwaonyesha askari wengine: huyu hapa, mkamateni.

OTIENO: Kumbe ndiyo maana nikichomwa chanjo mkononi, tezi za kwapani huvimba.

MWANAHAMISI: Hasa! Seli za dendriti, yaani seli za kinga zenye matawi, zimebeba habari hadi huko. Za Langerhans ni wa ukoo huohuo wa wabeba habari, na chini yake, kwenye tabaka la ndani la ngozi, wapo ndugu zao wengine. Mtafiti wa chanjo lazima ajue nani kati yao anabeba nini, na anampelekea nani.

OTIENO: Sasa kwa nini nyani? Panya wamejaa tele maabara.

MWANAHAMISI: Panya ametufundisha mengi, lakini ngozi yake si yetu. Ni nyembamba, imefunikwa manyoya, na ina aina ya seli za kinga ambazo sisi hatuna. Kuna protini inaitwa CD1a, ndiyo alama ya seli za Langerhans za binadamu. Kima aina ya makaki anayo. Panya hana hata jeni yake. Kwa hiyo ukiona chanjo imefanya kazi kwenye ngozi ya panya, bado hujajua itakutana na nani kwenye ngozi ya mtoto wako. Kwa makaki, mtafiti huchukua kipande cha ngozi cha milimita chache, mnyama akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, kisha anazihesabu seli moja moja: waliokuwepo kabla ya sindano, waliokuja baadaye, na waliokwishaondoka kwenda kwenye tezi.

OTIENO: Na kichocho?

MWANAHAMISI: Hapo ndipo tunarudi nyumbani. Karen, pale Nairobi, kuna taasisi ya utafiti wa nyani na jamaa zake, mwanzilishi wake ni Louis Leakey, mwaka 1960. Kwa miaka mingi watafiti wake wamechunguza kichocho kwa nyani wetu hawa wa porini. Na nyani huugua kichocho mwenyewe, bila kuambukizwa na mtu, na maradhi yake yanafanana sana na yetu. Watafiti waliwachukua lava, wakawadhoofisha kwa mionzi, wakawaacha waingie kwenye ngozi ya nyani. Lava wa namna hiyo huingia, lakini hafiki ukubwa wa kutaga mayai. Anazubaa kwenye ngozi na kwenye tezi za karibu, na kinga inapata muda wa kumsoma vizuri. Nyani waliochanjwa hivyo walipokutana na lava wazima, minyoo iliyofanikiwa kukua ilikuwa michache zaidi.

OTIENO: Kwa nini lava mzima hasomwi?

MWANAHAMISI: Ni mjanja, kaka. Kwa panya imeonekana kwamba anatoa kemikali, mojawapo prostaglandini D2, inayozizuia seli za Langerhans kuondoka kwenye ngozi. Mjumbe amekamatwa mlangoni. Askari kwenye tezi hawapati habari mpaka mdudu amekwishapita.

OTIENO: Aisee. Hapo nimeelewa kwa nini tulikuwa tunapewa dawa shuleni na mwaka unaofuata tunapewa tena.

MWANAHAMISI: Dawa hiyo, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa, haikuzuii kuambukizwa tena. Lakini sikiliza hili la kwenu. Pale Kisumu waliwafuatilia vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama ziwani. Walitibiwa, wakaambukizwa, wakatibiwa tena na tena. Baadhi yao, baada ya miaka, walianza kuwa wagumu kuambukizwa. Inadhaniwa kila dawa ikiua minyoo, kinga inaonyeshwa mzoga wa adui. Maana yake mwili wa binadamu unaweza kujifunza.

OTIENO: Ninawajua vijana wa kazi hiyo. Sikujua wameifundisha dunia jambo kubwa hivyo.

MWANAHAMISI: Nami hilo huniliza kidogo. Ipo pia chanjo ya protini ya minyoo ya kichocho iitwayo Sm-p80, iliyojaribiwa Marekani kwa nyani. Ilipunguza minyoo ya kike kwa zaidi ya asilimia 90, na sasa imefika kwenye majaribio ya binadamu. Hiyo huchomwa kwenye msuli.

OTIENO: Si ungesema ngozi ndiyo mahali pa sindano?

MWANAHAMISI: Kwa baadhi, ndiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikiingizwa ndani ya ngozi, mililita 0.1 kwa kila sehemu inatosha, dozi ndogo sana kuliko ya msuli. Lakini BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo watoto wetu huchomwa ndani ya ngozi, ilitushangaza. Mwaka 2020 kundi la Robert Seder, mtafiti wa chanjo wa Marekani, lilitangaza kwamba makaki 10 walipewa BCG kwenye mshipa wa damu, na 9 kati yao walikingwa vizuri sana. Waliochomwa kwenye ngozi hawakufika hapo. Kila mdudu ana njia yake, na kinga inapaswa kumsubiri njiani.

OTIENO: Dada, niulize jambo gumu. Hao nyani wa Karen, mwisho wao?

MWANAHAMISI: Kuhesabu minyoo ya mwilini ni lazima mnyama auawe. Hulazwa kwanza, hana maumivu, na kamati ya maadili hupitia utafiti kabla haujaanza. Lakini anakufa. Sitaki tulitaje hilo kwa haraka.

OTIENO: Tusilitaje kwa haraka. Wadogo zangu bado wanateka maji palepale nilipooga mimi.

MWANAHAMISI: Wana umri gani?

OTIENO: Tisa, na sita.