Siku ya Tatu Mpe Jembe

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo? Mnanisikia huko nyuma? Haya. Mniwie radhi kwa sauti hii, nimetoka Glasgow alfajiri na basi lilikuwa na baridi kuliko nje.

Nimeombwa nizungumze juu ya kujitolea kwa ajili ya waomba hifadhi, yaani watu waliokimbia kwao na bado wanasubiri majibu ya serikali, namna ya kuwasaidia wazoee maisha ya mtaani. Sina shahada ya jambo hili. Nina Jumatano zangu tu, miaka kumi na tisa ya Jumatano, na methali moja ambayo nyote mnaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kwetu Muheza shangazi yangu alikuwa anaisema kwa chinichini, mgeni akikawia. Nilikua nikidhani jembe ni njia ya kumfukuza mtu bila kumfukuza. Glasgow ndiko nilikoielewa upya. Mgeni aliyepewa jembe ana mahali pa kwenda asubuhi. Ana watu wa kuulizana nao habari za mvua. Mgongo ukimuuma ana haki ya kulalamika kama wengine. Asiyepewa anabaki mkekani, analetewa chakula, anatazamwa. Mnalijua hilo, wengine mmeketi kwenye mkeka huo.

Sasa tazameni sheria ya nchi hii, Uingereza. Mwomba hifadhi haruhusiwi kufanya kazi. Akisubiri zaidi ya miezi 12 bila kosa lake anaweza kuomba ruhusa, na akiipata anachagua ndani ya orodha ya kazi zilizotajwa na serikali, nyingi zinataka vyeti ambavyo mtu hakimbii navyo. Anapewa pa kulala, mahali asipopachagua. Anapewa kadi yenye fedha; mwaka 2024 ilikuwa pauni 49.18 kwa wiki kwa anayejipikia, na pauni 8.86 kwa aliyewekwa hotelini anakolishwa. Toa nauli ya basi humo, mama zangu, halafu mnunulie mtoto daftari. Lakini mimi fedha siililii sana. Ninachokililia ni kwamba fundi seremala, mwalimu, mama aliyelea wadogo zake saba, anakaa mwaka mzima, pengine miwili, na kwake siku ya pili haiishi.

Na sisi Watanzania tusijione malaika. Warundi walipokimbia mauaji ya mwaka 1972, serikali ya Mwalimu iliwapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ulyankulu, ndiyo, hiyo hiyo mnayoijua kwa kwaya. Walilima, wakajilisha, wakauza, na kufika 2014 wapatao 162,000 walikuwa wamepewa uraia. Lakini nenda Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, uulize kama mtu anaweza kutoka nje ya kambi bila kibali. Kwa hiyo nikiisema Uingereza, kidole kimoja najinyooshea mwenyewe.

Nirudi Glasgow. Kufuatia sheria ya mwaka 1999, waomba hifadhi walianza kutawanywa mikoani kuanzia mwaka 2000, na Glasgow ikapokea wengi kwa sababu ilikuwa na maghorofa marefu yasiyo na watu. Sighthill, Red Road. Maghorofa yale yalikuwa yamekimbiwa na wenyeji wenyewe. Mnaweka mgeni asiye na kazi juu ya mwenyeji asiye na kazi, ghorofa juu ya ghorofa, hakuna aliyeulizwa. Agosti 2001 kijana Mkurdi wa miaka 22 alichomwa kisu Sighthill, akafa. Waomba hifadhi wakaandamana hadi katikati ya jiji, na baadhi ya wenyeji wakaandamana nao. Wazee wa kazi hii wanasema ndipo walipotambua kwamba kugawa blanketi hakutoshi.

Miaka ishirini baadaye, tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idi, gari la uhamiaji lilifika mtaa wa Kenmure, Pollokshields, likawachukua wanaume wawili, raia wa India. Mtu mmoja akajitupa chini ya gari. Majirani wakatoka, wakaketi barabarani, mmoja akawa kumi, kumi wakawa mamia. Baada ya kama saa nane polisi wakawaachia wale wawili. Mimi sikuwapo, nilikuwa nageuza pilau ya Idi jikoni kwangu, na hadi leo najilaumu. Lakini sikilizeni walichokuwa wanaimba: hawa ni majirani zetu, waacheni. Hawakusema wakimbizi, hawakusema wahamiaji. Na ujirani hauanzi siku gari linapofika. Unaanza kwenye kuazimana ngazi, kwenye kuokotewa barua, kwenye kusalimiana na mbwa wa mtu. Sisi tunaojitolea tunafanya kazi hapo, kwenye hayo madogo.

Basi niwapeleke bustanini. Kaskazini ya jiji tuna kiwanja kilichokuwa jaa la matofali. Jumatano saa nne asubuhi tunafungua. Wapo wastaafu wa Kiskoti, wapo vijana waliotumwa na daktari wao watoke nje, na wapo waomba hifadhi. Haijaandikwa popote kwamba ni bustani ya wakimbizi, na nawasihi mkianzisha yenu msiandike.

Alikuja baba mmoja wa Lubumbashi. Alikuwa na miezi minne mjini, na wiki sita hizo za mwisho, aliniambia baadaye, hakuwa amezungumza na mtu isipokuwa mlinzi wa mlangoni. Tukampa sepeto, ile ya huku, unayoisukuma ardhini kwa mguu. Akaitazama. Akaishika kwa mikono miwili, akaiinua juu ya bega, akaishusha kama jembe. Udongo wetu ni mfinyanzi mzito, sepeto ikadunda. Pale pembeni alikuwapo mzee mmoja, mchomeleaji mstaafu wa viwanda vya meli vya mto Clyde, mtu wa maneno machache. Akacheka hadi akakohoa, kisha akaja kumwonyesha: mguu hapa, uzito hapa. Baba akafanya, akakubali kwamba inaingia, halafu akasema kwa Kifaransa, nami nikatafsiri, kwamba huu ni utaratibu wa mtu anayechimba kaburi.

Akachukua kipande cha boksi, akachora jembe. Bapa, tundu la mpini, na pembe inayoinama kumwelekea mkulima. Mzee akaitia karatasi ile mfukoni bila neno. Jumatano iliyofuata akaja na jembe. Alikuwa amekata bamba la chuma gerejini kwake, akalichomelea shingo, akatia mpini. Na lilikuwa limekosewa! Pembe ilikuwa wazi mno, ukilima unajipinda kama unasujudu. Baba akalijaribu, akatikisa kichwa, akaonyesha kwa viganja viwili: funga kidogo. Nilitaka kuingilia, nimwambie ashukuru kwanza, mzee wa watu amejitahidi. Nashukuru nilinyamaza. Yule mzee alifurahi kusahihishwa kuliko ambavyo angefurahia shukrani. Ilibidi arudi nyumbani akalipashe moto, alirudi mara tatu. Tangu siku hiyo wale wawili walikuwa na ugomvi wa kudumu juu ya pembe ya jembe, kwa lugha ambayo hakuna aliyekuwa nayo, na mimi sikuitwa tena kutafsiri.

Hapo ndipo kazi ya anayejitolea ilipo ngumu, kujua wakati wa kuondoka katikati.

Juu ya kutafsiri, niwaungamie kosa langu, maana wengi hapa tutaombwa kufanya hivyo. Tunaambiwa: wewe Mswahili, huyu Mkongo ni Mswahili, zungumzeni. Mwanzoni nilimsaidia mtu mwingine wa Katanga kuandika maelezo ya maisha yake, rasimu tu, ya kumpelekea wakili. Akasema, “Tulikuwa tunaikala mu lupango ya baba.” Nikaandika kwamba waliishi gerezani alikofungwa baba yao. (Kicheko ukumbini.) Mnacheka, Wakongo. Kwa Mtanzania wa mtaani lupango ni jela. Kwake yeye lupango ni kiwanja cha nyumbani, ua wa familia, jambo la amani kabisa. Bahati wakili alikuwa na mkalimani anayejua Kiswahili cha kwao, akalikamata. Lingepita, siku ya mahojiano angeulizwa baba alifungwa lini, angesema hakufungwa, na faili ingeandika kwamba anajipinga mwenyewe. Watu wananyimwa hifadhi kwa mambo kama hayo.

Tangu hapo natafsiri sokoni, shuleni, kwenye kikao cha wazazi. Maelezo ya kesi siyagusi. Na ushauri wa kesi ndio kabisa, kwa sababu sheria ya nchi hii inasema kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, hata ukiutoa bure, hata ukiutoa kwa upendo. Najua kwenye kila jumuiya yetu yupo kaka mmoja mjuzi wa fomu zote. Mpeni chai, msimpe faili.

Lugha ya mtaa pia chuo hakifundishi. Uskoti ina sifa moja nzuri, sera yake inasema kuzoeana na jamii kuanze tangu siku ya kwanza mtu anapofika, asisubiri majibu, na mwomba hifadhi anaweza kusoma Kiingereza chuoni. Vizuri. Lakini atoke nje na cheti chake akutane na bibi wa Glasgow anayesema anakwenda kuchukua ujumbe. Ujumbe gani? Ni maziwa na mkate. Huko kwenda dukani ni kuchukua ujumbe. Hayo anafundishwa na jirani kwenye foleni, si na mwalimu. Ukimsindikiza mtu dukani kila mara na kumsemea, umemnyima mwalimu wake. Msindikize mara mbili. Ya tatu simama nje.

Nimesema hawaruhusiwi kazi. Kujitolea wanaruhusiwa, nao pia, tangu siku ya kwanza, kwenye shirika la hisani au taasisi ya umma, na nauli na chakula cha mchana wanaweza kurudishiwa. Hilo ndilo jembe ambalo sheria imetuachia, na ajabu ni wachache wanaolijua. Ndiyo maana mimi siulizi tena “tuwasaidieje waomba hifadhi”. Nauliza kwenye maktaba, kwenye kituo cha chakula, kwenye timu ya mpira ya watoto: mna nafasi ya mtu wa kujitolea? Mama wa Bukavu niliyempeleka kituo cha chakula kama mpokeaji aliona aibu hakurudi. Alipoitwa kupanga makopo upande wa pili wa meza, hakukosa hata wiki moja.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa, maana nitaudhi watu. Kujitolea si saluni yako. Si jiko la mgahawa wako, si kuosha magari. Biashara binafsi hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa isingefaa. Namjua dada aliyesuka nywele kuanzia asubuhi hadi usiku, miezi mitano, kwa sahani ya wali na ahadi, na aliyekuwa akimtumia ni wa kwetu, anaongea Kiswahili kizuri kuliko changu. Alikuwa akimwambia, “mdogo wangu, nakusaidia uzoee.” Akikamatwa, anayepoteza kesi ni yule dada. Nimemaliza hilo, sitaki majina, mnajijua.

Jambo la mwisho ni siku ya habari njema. Barua inafika, amekubaliwa, watu wanapiga vigelegele, tunapika. Na saa inaanza kuhesabu. Kwa miaka mingi muda umekuwa siku 28, kisha makazi yale na ile kadi vinakoma. Ndani ya siku hizo atafute nyumba, akaunti ya benki, kazi, bila mdhamini wala historia. Watu walioishi miaka miwili bila kulala nje wanalala nje mwezi waliopewa hifadhi. Na wanaojitolea wengi ndio wanaaga hapo, wanadhani kazi imekwisha. Baba yetu wa Lubumbashi alipopata barua hakuniambia mimi, alimwambia mchomeleaji. Mzee alikuwa na binti mwenye rafiki mwenye chumba. Sikuhusika hata kidogo, nilisikia wiki ya tatu, na niwaambie ukweli, niliona wivu kidogo.

Naona mkono. Ndiyo, mama. Anauliza kama tulipanda mchicha. Tulipanda, baba yetu wa Lubumbashi anauita lengalenga. Aliupanda nje mwezi wa Mei akiamini jua, ukatoka vidole viwili, baridi ya usiku mmoja ikaulaza wote. Alinuna wiki nzima. Kisha akaona mzee anang'oa gugu fulani kwenye matuta ya viazi na kulitupa, gugu ambalo wenyeji wanaliita “kuku mnono”. Akaliokota, akalinusa, akapeleka nyumbani. Ni ukoo mmoja na mchicha, kumbe. Jumatano iliyofuata alileta sufuria, limeungwa kwa karanga. Mzee alikula sahani mbili, akauliza ni mboga gani. Tulipomwonyesha, aliweka kijiko chini, akalitazama lile tuta alilokuwa analipalilia kwa miaka kumi na moja.

Lengalenga lenyewe tunajaribu tena mwaka huu, chini ya nailoni. Mkono mwingine?